Wimbo wa Raheli, Besi Yangu

Jumanne, 2 Septemba 2025

Mwalimu Tumainieli kaamua. Sikukuu ya Mavuno wimbo wa Raheli nauongoza mimi, na gitaa la besi napiga mimi huyo huyo, maana kwaya nzima hakuna mwingine anayeiweza. Nikasema sawa. Kama vile nimeulizwa chai iwe na sukari au bila.

Nyumbani nikamwambia Raheli mwenyewe. Sauti ya mke wangu haijarudi tangu wamtoe tezi shingoni, ananong'ona tu. Daktari alisema tusubiri. Raheli akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchagua mchele.

Sikusikia chochote moyoni. Hata huzuni.

Ijumaa, 5 Septemba

Mazoezi. Aibu! Nikiimba, vidole vinafuata mdomo. Sauti ikipanda, na besi inapanda. Erasmo wa ngoma kasimama katikati ya ubeti — kaka Anderson, sasa mimi nimfuate nani? Wakacheka wote. Nikacheka na mimi, kwa kuwa walicheka.

Jumatano, 10 Septemba

Umeme hakuna. Nimeegemeza gitaa kwenye kabati la nguo, mbao zikanguruma, spika ya bure. Raheli akaja kukaa kitandani. Akanong'ona: usiimbe kwanza, ongea. Piga huku unanisimulia ulichokula mchana.

Nikamsimulia makande. Mama mkwe, aliyeshuka kutoka kijijini Bombo kumuuguza, akachungulia mlangoni na kuuliza kama na mimi sasa naumwa. Raheli alicheka, mabega tu yakitikisika. Na vidole havikupotea! Ilitakiwa nifurahi. Basi tu.

Jumapili, 14 Septemba

Nimemwimbia makande, mbuzi, bei ya saruji. Ubeti wa kwanza umekaa.

Jumamosi, 20 Septemba

Beti zote nne. Tumeushusha ufunguo wa wimbo kidogo, wa kwake uko juu mno kwangu. Alikuwa ananitazama vidole. Akasema hujakosea popote. Kisha akatoa sare yake ya kwaya, akaipiga pasi. Nikadhani anataka kukaa nayo kwenye benchi.

Jumapili, 21 Septemba

Naandika nyuma ya ratiba ya ibada ya Mavuno, chumba cha kwaya. Wanadhani natafuta waya.

Raheli yuko mbele, kwenye maiki. Sare, kitambaa shingoni kuficha kovu. Kajaribu kusema haleluya — pumzi tupu. Hajashuka. Watu wanatazama sakafu. Mwalimu kanifuata: Baba Agape, mwambie wewe ashuke, mimi siwezi.

Nilifika hadi mlangoni, besi begani. Nikamwona kaishika ile maiki kwa mikono miwili. Nilitegemea nimwonee huruma. Nimeona wivu! Nataka kuimba mimi. Tangu hospitali sijahisi kitu, na cha kwanza ndicho hiki.

Kengele imelia. Mlango uko wazi, ameniona. Anatabasamu. Ananiita kwa mkono nikasimame nyuma yake, mahali pangu pa siku zote, nipige besi tu —