Watu wa Juu ya Maji na Kaburi la Baba

Mayu, mama yangu, shikamoo. Na nyote mliokaa hapo kumsikiliza Kabula, mwangaluka.

Mimi mwanao Mabula ni mzima, isipokuwa mgongo, nao tumeshazoeana. Vipi mguu wako wa kushoto, bado unavimba ukikaa sana? Mvua zimefika, au mnaangalia mawingu yakipita kwenda kunyesha kwa watu wengine? Yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa, au ametudanganya tena?

Kabula, msomee bibi yako polepole. Nilipokosea herufi rekebisha kimyakimya, usimcheke mjomba wako mbele za watu. Shule niliiacha darasa la tano nikafuata ng'ombe, kisha nikafuata mashimo ya dhahabu, na sasa nafuata maji.

Mayu, najua mnachongoja. Mdogo wangu Luhende amenipigia simu mara nyingi kuhusu yule tajiri wa Katoro mwenye karasha ya kusagia mawe. Kwamba mwamba wa dhahabu ulioonekana kwa jirani unakuja moja kwa moja kwenye mji wetu, unapita chini ya zizi, unapita chini ya kaburi la baba. Kwamba tajiri atatupa mgawo kwenye mifuko ya mawe, atachinja dume, ataleta mchungaji, na baba atahamishiwa bondeni kwa heshima zote. Baba wadogo wamesema wao hawana neno, neno ni la mtoto wa kwanza. Na wewe ulipopewa simu ulisema tu, "Andika, mwanangu. Neno la simu linachukuliwa na upepo. Andika tusomewe wote." Ndiyo hii barua.

Jibu nitalitoa. Lakini kwanza niwaeleze nilichokiona, maana bila hicho ningejibu vingine.

Kazi yangu ni ileile. Meli yetu haibebi mizigo, inakomba mchanga chini ya bahari kwa bomba nene kuliko pipa, halafu inaumwaga mahali wanapotaka kujenga. Mimi niko kwenye pampu, kama nilivyokuwa nikinyonya maji kwenye mashimo ya Geita, ila hapa maji hayaishi. Bomba likiziba, anayeingia kulizibua ni mimi, nikitoka nina matope mpaka masikioni. Kuna siku nakaa kitandani nimeshika kiatu na sikumbuki kama nilikuwa nakivaa au nakivua.

Sasa tuko Malaysia, pembe yake ya mashariki. Mpishi wetu, Hasim, ni mzaliwa wa huku, mtu mfupi mwenye kifua kipana na utani usiokwisha. Tunaongea Kiingereza cha kuokoteza, na mahali pengine maneno yao yanakutana na yetu. Wao wanasema kabar, sisi habari. Dunia ni dunia kwao pia. Meli iliposimama kwa matengenezo, akaniambia twende kwao nikamsalimie mama yake. Nikamuuliza kwao ni mtaa gani. Akanionyesha bahari.

Nilidhani ni utani wake. Tukapanda mtumbwi wa injini, tukaenda mpaka nchi kavu ikabaki mstari nyuma yetu, na mbele nikaona nyumba zimesimama juu ya maji kama kundi la korongo. Mayu, sikuambii nyumba za ufukweni. Hakuna ufukwe. Ni maji pande zote, na katikati ya maji kuna mji mzima. Nguzo za miti zimechomekwa kwenye matumbawe, juu yake mbao, makuti, mabati, kamba za nguo, akina mama wanapepeta, kuku wanawika. Kuku, mayu, ambao tangu waanguliwe hawajawahi kuchakura udongo. Na maji yenyewe ni meupe hivi kwamba ukitazama chini unaona kivuli cha nyumba kimelala kwenye mchanga na samaki wanapita sebuleni.

Kutoka nyumba moja hadi nyingine njia ni ubao. Ubao mmoja, penye bahati mbao mbili, na unanesa. Mimi niliyeshuka mashimoni kwa kamba miaka yote ile, nilipiga magoti nikatambaa. Wanawake walicheka wakashikana. Mtoto ambaye kwetu bado angebebwa mgongoni alinipita mbio, akageuka, akanitazama kama mtu anavyotazama ndama aliyezaliwa leo.

Mama yake Hasim alikuwa kakaa mlangoni, uso kaupaka unga wa mchele na manjano kuzuia jua. Nilimwamkia kwa salamu ya Kiislamu niliyoizoea kwenye maduka ya Katoro, akafurahi, akanivuta mkono nikae. Halafu, mayu, akainua ubao mmoja wa sakafu, akateremsha uzi wenye ndoano, akaendelea kuzungumza. Hatujamaliza kuulizana habari, samaki yuko juu. Mboga iko chini ya mkeka. Sijawahi kuona jiko la namna hiyo.

Na unajua walikula na nini? Muhogo. Wanaukuna, wanaukamua maji, wanaupika kwa mvuke mpaka unashikana. Muhogo wenyewe wanaununua nchi kavu kwa samaki, na maji ya kunywa wanayafuata hukohuko kwa madumu, maana watu hawa wanaishi juu ya maji wasiyoweza kunywa. Nilipotia tonge la kwanza mdomoni niliacha kutafuna. Hasim akadhani sijapenda. Nikamwambia hapana, nimefika nyumbani ghafla, ngoja kidogo.

Mama yake akaniuliza kupitia kwa Hasim nina mitumbwi mingapi. Nikasema sina, kwetu utajiri ni ng'ombe. Akafikiri.

"Na maji yakijaa, hao ng'ombe wanalala wapi?"

Nikamwambia kwetu maji hayajai. Hapo ndipo alipotuonea huruma. Akasema, "Masikini," akaniongezea samaki.

Mchana Hasim alinipeleka kuona wanavyozama. Alivaa miwani ya kuchonga kwa mti, akachukua mkuki, akavuta pumzi moja, akaondoka. Nilimwona chini kabisa akitembea, Luhende, nasema akitembea juu ya mchanga kama mtu anayekagua shamba. Sisi tukishuka kwenye duara, shimo la dhahabu, tunashusha na mpira wa hewa, na bado watu wanazimia. Nilibana pumzi ili nione nitafika naye wapi. Ikaniisha. Nikabana nyingine, ikaisha. Ya tatu sikubana tena, nilianza kumwombea. Akaibuka na pweza mkononi, akaniona nilivyo, akauliza nani amekufa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Karibu na kijiji kile kuna kisiwa kidogo chenye mchanga na miti michache. Nchi kavu pekee iliyo karibu. Nikamuuliza Hasim kwa nini watu wabanane juu ya mbao zinazonesa na kisiwa kipo kitupu. Akasema si kitupu. Akataja neno lao, kubur, nalo halikuhitaji mkalimani. Pale ndipo wanapozika. Akasema aliye hai anaweza kuelea, akihama anahamisha nguzo zake, lakini aliyekufa hawezi tena kujishikilia, lazima apewe mahali pasipoondoka. Mayu, watu wasio na hata upana wa jamvi wa kulima bamia, udongo wote walionao wamewapa wafu wao.

Siku hiyo mama yake alitaka kwenda kubadilisha kitambaa kwenye kaburi la mume wake, tukaenda naye. Tulipokanyaga mchanga, yule mama aliyekuwa akipita kwenye mbao kama paka alishika mti akayumba kama mlevi. Hasim akasema ni kawaida, nchi imetulia mno kwake, inamtia kizunguzungu. Mimi ndiyo kwanza miguu ilinirudia. Nilivua viatu. Nilikuwa sijakanyaga ardhi isiyo ya bandarini kwa muda mrefu.

Makaburi yao yana vibao vya kuchonga, mengine yamefunikwa kwa umbo la mtumbwi, mengine yana mwavuli uliosimamishwa kumkinga mtu na jua. Nikawa nazunguka nikishangaa. Mchanga wote pale ni vipande vya matumbawe. Na katikati yake nikaona jiwe. Jiwe kweli, jeupe, lenye mshipa wa kutu, lile ambalo mchimbaji yeyote wa kwetu akiliona moyo unaruka. Mkono wangu haukuniuliza. Nililiokota, nikalilamba, nikaligeuza juani kutafuta ile chembe.

Nilipoinua macho, mama yake Hasim alikuwa ananitazama.

Hakupiga kelele. Alikuja akiyumba, akalichukua mkononi mwangu, akalifuta mate yangu kwa mtandio wake, akainama akalirudisha nilipolitoa. Ndipo nilipoona kwamba nimesimama kichwani pa mume wake. Nilirudi nyuma nikatoka pale. Hasim naye utani ulimwisha.

Mama yake akamwambia aniulize nilikuwa natafuta nini. Sikuweza kudanganya, nikasema dhahabu. Nikaeleza kwamba kwetu jiwe la namna ile tunalilamba ili likilowa dhahabu ionekane. Hasim akatafsiri. Akanieleza na yeye kwamba jiwe lile lilitoka mtoni, mbali, milima ya nchi kavu, na mama yake alilileta kwenye mtumbwi akiwa amelipakata, kwa sababu baharini hakuna mawe na alitaka mume wake awe na kitu kizito.

Kisha yule mama akauliza, Hasim akitafsiri, kwa upole kabisa, kama alivyouliza habari za ng'ombe.

"Kwenu hakuna mawe?"

"Yapo," nikasema. "Tele."

"Basi kwa nini unataka la huyu?"

Mayu, nimepigwa na baba, nimetukanwa na wasimamizi wa mashimo, nimefokewa na wazungu wa melini. Hakuna kilichowahi kunichoma kama swali la yule mama. Hakuwa amekasirika. Alitaka kujua tu.

Akafunga kitambaa kipya kwenye kibao, akaketi. Alipomaliza dua akapigapiga mchanga ulio pembeni ya mume wake kwa kiganja, kama unavyopiga kitanda kumwita mtoto alale. Sikuhitaji tafsiri. Pale ni pake.

Nami nikakumbuka kwamba katika simu zote zile, za mwamba, za mifuko, za dume la kuchinja, hakuna hata mmoja wetu aliyekuuliza wewe utalala wapi. Wewe uliyesimama pale tulipomzika baba. Nasema tulipomzika, lakini mimi sikuwapo, nilikuwa majini. Kaburi la baba nimeliona kwenye picha ya simu ya Luhende, na zizi nyuma yake. Sijatupa udongo wangu. Na mimi ndiye mnayeniomba ruhusa ya kumfukua.

Niwaambie ukweli mbele ya baba wadogo, kabla ya siku ile nilikuwa nimeshaandika kichwani kwamba sawa, chimbeni. Nimechoka, mayu. Nilikuwa naona ule mgawo, naona nimeacha pampu, nimerudi nimekaa kivulini nakunywa maziwa. Luhende si mroho, ana watoto, nami namwelewa. Mwamba ukiwa chini ya miguu yako na unalala njaa, ni vigumu.

Lakini jibu langu ni hapana. Shamba la mihogo la kule chini, Luhende, ongea na tajiri, mchimbe mpaka mtoboe upande wa pili, nami nitashukuru mkipata. Mtakapofika ukuta wa zizi, simameni. Mwamba ukiendelea, uendelee peke yake. Baba asiondolewe alipo, na pembeni yake pasiguswe, mpaka mwenyewe mama aseme. Mayu, kama sikukuelewa na unataka vingine, useme sasa hapo mbele yao, nami neno langu nalirudisha. Ni wewe wa kuulizwa, si mimi.

Na mnisamehe kama nitakuwa nimewanyima mali. Huenda nimekosea. Lakini sitaweza kurudi hapo nikapiga hodi kwenye shimo.

Tuliporudi kijijini yule mama aliwasimulia wote, na mpaka tunaondoka nilikuwa naitwa Mla Mawe. Watoto walinifuata na vipande vya matumbawe wakinikaribisha chakula. Mama yake Hasim mwenyewe alicheka mpaka unga uliokauka ukampasuka usoni. Tulipoagana alinipa muhogo umefungwa kwenye jani, akasema wa njiani, usile mtumbwi.

Wasalimie baba wadogo wote wawili, waambie mwana wao hajawadharau. Msalimie dada yangu, mama Kabula, mwambie nguo alizoagiza sijazisahau. Msalimie shangazi wa Mhunze akija, na yule jirani anayetusaidia kupeleka ng'ombe majini. Kabula, umesoma vizuri, sasa kunywa maji.

Luhende, wewe nina ombi moja, usikasirike kwanza. Hapo kwetu mawe hayanunuliwi. Nenda kwenye lundo la jirani, chagua moja jeupe, zito, unaloliona zuri kuliko yote. Usililambe. Kalipeleke kichwani pa baba, umwambie limetoka kwangu.

Mwanao wa kwanza, bado niko kwenye maji,
Mabula