Mtamba wa Masha

Mbarara, Juni 2011

Mama mpendwa Kantengwa,

Amani ya Bwana iwe nawe hapo kambini Kabazana. Mgongo umepoa, au bado unakusumbua ukiinama kupalilia maharage? Mimi ni mzima, nakula vizuri, ila matoke ya huku bado hayanishibishi. Baba Natanaeli anayekuletea barua hii mpe chai, kwani amekataa nauli yangu. Ningepiga simu, lakini unanijua, ukianza kulia mimi nakata. Acha niandike, tena kwa Kiswahili ulichozoea kukisoma katika Biblia.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana majirani wanasema nimekuwa mtu wa benki. Hapana mama. Kampuni yetu ni kubwa, ina biro, yaani ofisi, hadi Kampala, na kazi yake ni kukagua hesabu za watu wengine na kusema kama ni za kweli. Mimi bado ni stajieri, yaani nafundishwa nikiwa kazini. Natoa fotokopi, nabeba mafaili, natafuta stakabadhi zilizopotea, na nikiipata moja naiwekea alama kwa kalamu ya kijani. Kazi ni mingi, lakini naipenda. Ridhiwan, stajieri mwenzangu, mtoto wa mjini hapa, anasema nimerogwa na hiyo kalamu. Anacheka Kiswahili changu pia, eti kila saa nasema fasi hii, fasi ile, badala ya mahali. Namwambia kwanza ajifunze chake.

Mkubwa wetu ni Madamu Hafswah. Ni mkali kweli kweli, lakini haonei mtu. Siku ya kwanza alitukalisha akatuambia hatupokei kitu kwa mtu tunayemkagua, si bahasha, si simu, si hata kuku wa sikukuu. Nilielewa. Kwa hiyo tulipotumwa Masha, kwenye shamba la maziwa la Mzee Rutayisire, na karani wake akaninyooshea bahasha ya pesa ya soda, nilimrudishia mbele ya watu. Nilijiona mnyofu ajabu.

Basi jioni ile ile Mzee mwenyewe akaniita zizini. Alikuwa ameniona nikipita katikati ya ng'ombe bila woga, akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia baba, nikakutaja wewe, nikamweleza ng'ombe wetu walivyochukuliwa kule Kivu, hata mmoja asibaki. Kisha akanionyesha mtamba mwekundu mwenye mimba, akasema mwanamke kama huyo hafai kuzeeka bila ng'ombe uani, vijana wake wamswage hadi kwako. Mama, ungetaka nifanye nini? Ng'ombe akitolewa hivyo hakataliwi. Nilipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru kwa sauti kama baba alivyotufunza. Ndiye huyo Bihogo wako. Nilikuambia ametoka kwa rafiki wa Masha, na sikudanganya, ila sikukuambia kwamba rafiki mwenyewe ndiye tunayemkagua.

Kusema kweli sikuona kosa. Bahasha ni bahasha, na ng'ombe ni undugu. Ndiyo maana juma lililopita, Madamu alipotuuliza mkutanoni kama kuna aliyepewa chochote kule, niliinuka mwenyewe na furaha yangu nikasema ndiyo, Mzee Rutayisire amenipa ng'ombe, Mungu ambariki. Kwetu mtu akipewa ng'ombe akanyamaza, anahesabiwa ameiba. Biro nzima ilicheka. Ridhiwan akauliza nimemfunga fasi gani, kwenye mashine ya fotokopi? Madamu peke yake hakucheka. Aliuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli, na kicheko kikakatika.

Alinieleza polepole, bila kunitukana. Kampuni haiwezi kutia sahihi hesabu za mtu aliyempa mfanyakazi wake ng'ombe, kwa sababu hakuna atakayeamini kwamba tuliangalia vizuri. Nilipomwambia kuwa ule ni undugu, alisema hapo ndipo pabaya zaidi, kwani bahasha ukishaila imekwisha, lakini ndugu yako utamtetea siku zote. Akaniambia nichague. Ng'ombe arudi, mimi nibaki, nao wanilipie mitihani hadi niwe mhasibu kamili. Au ng'ombe abaki, mimi niondoke.

Jumapili nilikwenda Masha kumweleza Mzee. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema ng'ombe wake hajawahi kurudishwa na rafiki, wanaorudisha ni maadui tu. Kwa hiyo atampokea, ila mimi nisikanyage tena kwake. Aliyasema hayo kwa utaratibu, kisha akaagiza niletewe maziwa kabla sijaondoka. Niliyanywa, nikaona aibu kila nilipomeza.

Sasa mama, keti. Najua bamama wa kanisa walikuja kukupigia vigelegele, na kwamba unahesabu Bihogo atazaa mwezi ujao. Najua pia utawaambia watu Musoni amechagua kazi ili atutunze sisi. Usinisaidie hivyo. Ningeweza kukuandikia hivyo na ungeniamini. Ukweli ni kwamba Madamu aliponiambia nichague, nilikuwa na jibu kabla hajamaliza kusema, na sikukufikiria wewe, wala wadogo zangu, wala huyo ng'ombe. Niliogopa tu kufukuzwa pale. Mama, mimi napenda kazi hii kuliko ng'ombe. Mimi mtoto wa baba yangu nimelisema hilo, na linanichoma, lakini ndivyo nilivyo, na sidhani nitabadilika.

Nitakuja Jumamosi asubuhi na lori. Usimfungue kamba wewe, wala usimtume mtu. Nitamfungua mimi, mchana kweupe, majirani wote wakiniona. Ukikaa ndani nitaelewa, nitampakia na kwenda zangu. Lakini mama, ukiweza, toka.

Naishia hapa. Nisalimie Shimwa na wadogo wote, na Mungu akulinde hadi tuonane.

Mwanao, kama bado unakubali,
Musoni