Kamera Mbovu Inayoona Kama Mke Wangu

Mshauri Jentrix,

Kwa kawaida mimi ndiye huyaandikia magazeti kuyakosoa, na ukurasa huu wako nimewahi kuuita kibaraza cha watu waliochoka kufikiri, kwa hiyo ukiamua kuitupa barua hii sitakulaumu, lakini tafadhali isome kwanza, maana nimekwama na sina mtu mwingine wa kumwuliza ambaye sijagombana naye.

Mimi ni mzee wa miaka hamsini na kitu, naishi Ngoingwa hapa Thika, na tangu kiwanda cha nguo kitupunguze kazi nimejipatia burudani moja ambayo wengi wanaiona upuuzi: napima kamera ndogo za video, zile za bei nafuu zinazoshikika kwa kiganja kimoja, pamoja na redio za mfukoni na vikorokoro vingine vinavyoingia mjini kila mara vikisifiwa na watu ambao hawajaviwasha. Hitesh, mwenye duka la vifaa vya umeme, huniazima kamera Jumamosi, nami humrudishia Jumatatu pamoja na hukumu niliyoipiga taipu, naye huibandika kwenye kioo cha duka iwe ya sifa au ya matusi, na watu husimama pale nje wakasoma na kucheka kabla hawajaingia kununua. Niliwahi kuandika kwamba kamera fulani inafaa kupigilia misumari. Hitesh alishika kichwa akasema, "Mzee, wewe unaniulia biashara kwa Kiswahili safi," lakini akaibandika, kwa sababu anajua siku nikisifu kitu hakikai dukani. Sipokei hata soda yake. Naamini nchi hii imeharibiwa na watu wanaosifu vitu vibovu kwa ajili ya urafiki, na nimelisema hilo msikitini, kwenye mkutano wa wazazi, na katika harusi ambako sikuombwa kusema chochote.

Kila kamera naipitisha njia ileile. Kwanza maporomoko ya Chania asubuhi, maana maji meupe yanayoanguka huumbua lenzi mbovu upesi kuliko kitu kingine chochote, halafu stesheni ya Ruiru, ambako gari moshi likiingia naona kama kamera inajua kufuata kitu kinachotembea, tena binti yetu Nadira anakaa karibu na hapo na chai haikosi, na mwisho kabisa uso wa mke wangu Mwanamisi akiwa amekaa karibu na dirisha, kwa sababu rangi ya ngozi ya mtu unayemjua haiwezi kukudanganya.

Mwezi uliopita Hitesh alinipa kamera moja ambayo chapa yake sitaitaja, nikaipitisha njia yake, na nilipoiunganisha na televisheni sebuleni nikajua papo hapo kwamba ni takataka: Chania haikuwa maji tena bali maziwa yaliyokuwa yakimiminwa polepole kutoka mbinguni, miti haikuwa na majani bali moshi wa kijani, na gari moshi la Ruiru lilikuja kama taa moja iliyovaa pete ya mwanga, taa inayoelea peke yake bila gari nyuma yake, na watu waliokuwa wakilingojea walikuwa vivuli laini vinavyoyeyukiana, nami nikaanza kutunga matusi kichwani, na yalikuwa matusi matamu, mpaka Mwanamisi akasogeza kiti chake karibu na kioo akasema polepole, "Hapo sasa. Hiyo ndiyo Thika ninayoiona mimi."

Nikamwambia asinitanie.

"Sikutanii, Baba Nadira. Taa zina pete. Watu ni moshi. Nilikuambia, ukasema nisafishe miwani."

Ni kweli aliniambia. Alikuwa akimimina chai nje ya kikombe nami nikisema hatazami anachofanya, alikuwa akiwapita majirani bila kuwasalimu nami nikisema ana kiburi. Baadaye Nadira alimpeleka kliniki ya macho, daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekaribia kuziba, afanyiwe upasuaji bila kuchelewa, na akapewa tarehe.

Lakini Mshauri, nikueleze vipi kuhusu zile jioni? Nilimwomba Hitesh anivumilie, nikabaki na kamera, na kila siku Mwanamisi alinituma nikamletee kitu, leo mashamba ya mananasi baada ya mvua, kesho soko likifungwa, keshokutwa nguo zetu wenyewe kwenye kamba, na jua likianza kushuka tulikaa wawili mbele ya televisheni tukatazama, nguo zikipepea kama zimesahau zilikuwa za nani, na yeye akinionyesha kwa kidole, pale unaona, pale ndipo nyekundu inamwagikia nyeupe, nami kweli nikaona. Nimesoma vitabu vingi na kubishana na karibu vyote, na hakuna hata kimoja kilichoniambia kwamba mtu anaweza kuingia ndani ya jicho la mwenzake akakaa humo kama mgeni aliyekaribishwa. Tumeoana tangu tukiwa vijana na sijui kama tumewahi kukaa kimya pamoja kiasi hicho.

Jioni moja akanigeukia akanitazama sana, akasema, "Unajua tangu ukungu huu uniingie umerudi kuwa yule kijana wa mashine za kufuma? Sioni mvi, sioni makunyanzi. Sasa nikatwe jicho nipate faida gani, nimwone mzee?" Tukacheka wote wawili, nami sikuficha kwamba nilifurahi.

Siku ya kliniki ilipofika tulitoka mapema, na njiani akasema tupitie Chania kidogo tu, tukapitia, tukakaa juu ya jiwe, akaniegemea bega, maji yakashuka na kushuka, hewa ilikuwa ya unyevu na baridi nzuri, na hakuna aliyesema tuondoke. Tulipofika kliniki daktari alikuwa amemaliza wagonjwa wa siku hiyo. Nadira alikuja kutoka Ruiru jioni hiyohiyo na hakukaa hata kitini.

"Baba, aki wewe! Unaandikia Thika nzima ukweli, na mama yangu ndio unambembeleza na uongo?"

Tumepewa tarehe nyingine mwezi ujao. Mwanamisi anasema haendi, nami sijamsukuma. Na huku Hitesh ananiuliza kila siku, "Mzee, hukumu iko wapi? Ziko nyingi kwa stoo, watu wanataka kujua." Nikiandika ukweli atazirudisha zote Nairobi pamoja na hii ya kwetu. Nikisifu, nitakuwa mwongo kama wale ninaowatukana. Nikinyamaza, watu watazinunua bila kujua. Kununua moja niweke nyumbani siwezi, maana mji mzima utasema Mhakiki amebeba kitu alichokiita takataka. Mwanamisi ananishika mkono na kuniambia, "Usiandike. Niachie hii."

Niambie basi: nikiandika hukumu nitakuwa nimemsaliti? Na je, ni kosa kumwacha mtu akae katika dunia inayompendeza, kama mwenyewe amesema anaipenda?

Mhakiki, Ngoingwa

*

Mhakiki,

Ukurasa huu umetukanwa na watu wenye hoja nzuri kuliko zako, kwa hiyo hilo tuliache.

Umeniandikia vizuri mno. Nilisoma habari za zile jioni zenu nikatamani kuja kukaa kwenye kiti cha tatu. Halafu nikasoma tena nikimtafuta daktari, nikamkuta amebanwa katikati ya sentensi kama abiria asiye na tikiti. Kamera umeipa kurasa nzima. Jicho linalozibika umelipa mstari.

Wewe si mtu mbaya. Ulichokipata pale sebuleni ni kitu adimu, na wako wanandoa wengi wanaoniandikia hapa ambao wangetoa chochote wakae kimya hivyo hata jioni moja. Lakini usichanganye mambo. Ukungu wa Chania huondoka jua likipanda. Huu wa mke wako hauondoki, unazidi. Leo anaona taa yenye pete. Ukiendelea kumkalisha juu ya mawe, itafika siku hataiona hiyo pete, na hakuna kamera itakayokuonyesha anachokiona, kwa kuwa hakitakuwepo.

Na kuna jambo umelipita haraka sana. Mwanamisi alikuambia haoni vizuri. Alikuambia kwa kinywa chake, ukamjibu asafishe miwani. Ikabidi mashine ya dukani imtolee ushahidi, tena mashine mbovu, ndipo ukamwamini mtu unayekula naye sahani moja. Umemwomba msamaha? Barua yako haisemi. Basi mwombe leo, kwa maneno machache, bila hotuba.

Sasa hili la makunyanzi. Mzee, kweli umelimeza? Mke wako hakatai kliniki kwa sababu wewe umegeuka kijana. Anaogopa kisu. Anajua akisema "naogopa" utamletea hoja kutoka vitabu vyote ulivyosoma, kwa hiyo akakupa utani mtamu, nawe ukaupokea kwa kuwa ulikuwa unakusifu. Wewe, unayewafokea watu harusini kwa kusifu vibovu! Binti yako amekuambia ukweli kwa sentensi moja akiwa amesimama. Mshukuru.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwulize Mwanamisi anaogopa nini hasa, kisha funga mdomo mpaka amalize, hata kama itachukua jioni nzima. Tafuta mwanamke wa mtaani au wa msikitini kwenu aliyewahi kutolewa mtoto wa jicho, umwalike chai, na chai ikishamiminwa wewe utoke nje ukatembee. Yapo maswali mwanamke hayaulizi mbele ya mume anayejua kila kitu. Mengine Nadira amsindikize akamwulize daktari mwenyewe. Jicho ni lake na uamuzi ni wake, lakini aamue akijua yote, wala si kwa sababu mumewe alifurahia kuitwa kijana.

Hukumu yako iandike. Kuna mama huko Ruiru anayetaka kurekodi harusi ya bintiye, na hana haja ya kurudi nyumbani na bibi harusi wa moshi. Andika ulichoona, lenzi, taa, rangi zinazovuja, na mpe Hitesh abandike. Kisha, kabla hajazirudisha, ingia dukani ununue moja na uibebe mpaka Ngoingwa mchana kweupe. Watakaocheka wacheke. Nilidhani mtu wa maneno yako amezoea kuchukiwa, kumbe kuchekwa ndiko huwezi. Hiyo picha ya maziwa na pete ni ya Mwanamisi, ndivyo alivyoiona dunia kwa muda fulani wa maisha yake, na akipona huenda akataka kuitazama tena. Huwezi kumtunzia kwa kumwacha awe kipofu.

Akikubali kwenda, Nadira alale kwenu tangu siku iliyotangulia. Mtoke nyumbani bila kamera na mpite njia ya moja kwa moja, hata akiomba mpitie mahali, hata akiomba vizuri. Mshike mkono mpaka mlango ambao hutaruhusiwa kuuvuka.

Na kitambaa kikitolewa jichoni mwake, usiwe wewe wa kwanza kusema. Usimwulize picha ikoje. Kaa mbele yake, nyamaza, mwache aangalie.

Jentrix