Duara Lililoumwa na Papai

Dada Nyangeta,

Ile dawa ya kukata protini imefika. Ndiyo, hiyohiyo uliyoiomba mpaka ukachoka, kila mara unajibiwa nchi haina fedha za kigeni. Imeingia Musoma kwenye kiboksi kizuri, wewe una mwezi wa nne umelala kaburini Nyasura. Nililia mbele ya aliyeileta, akadhani kuna chupa imevunjika.

Siku hizi maduka ya Mukendo yamejaa. Sabuni tunachagua rangi, sisi tuliokuwaga tunaosha sahani za maabara kwa majivu! Lakini nataka kukueleza habari za lile duara.

Unakumbuka? Tulipanda bakteria waharibifu kwenye sahani, tukatoboa kitundu katikati, tukatia maji ya maziwa mgando ya kibuyu cha mama yako wa Butiama, yale yasiyoharibika upesi. Asubuhi kuzunguka kitundu palikuwa wazi, wamekufa wote. Mimi na mdomo wangu, nikatangaza jengo zima kwamba tumepata dawa. Ukatazama, ukasema, "Bado. Hata ukali wa maziwa unaua."

Nilinuna mpaka jioni. Kesho yake ukaupoza ukali kwa magadi ya jikoni, ukarudia, na duara likabaki. Bado tu! Ulitaka kujua kama kinachoua ni protini wanayoitengeneza bakteria wa kibuyu wenyewe, na dawa ya kupimia hakuna. Basi ukachanja papai bichi nyuma ya nyumba yako Makoko, ukakinga utomvu, ukisema kinacholainisha nyama ya fahali mzee kitaikata na protini. Tone moja ukaliweka kando ya kitundu. Jingine ukaliweka mbali, peke yake, tuone kama utomvu wenyewe hauui. Pale mbali bakteria waliota kama kawaida. Na duara, dada, lilikuwa limeumwa upande wa papai kama andazi lililong'atwa.

Sijaona akili kama ile, na wenye vyeti nimewaona wengi. Mkaguzi wa maabara alipokuja alicheka, akauita ushahidi wa jikoni. Matokeo uliyaandika daftarini kwa wino, na pembeni, kwa penseli, ukaandika "bado".

Baada ya kukuzika niliogopa jambo moja, bakteria wako wasije wakafa mikononi mwangu. Uliwapaga maziwa mapya kila siku ya tatu, hata ulipokuwa huwezi kusimama. Nimewalisha. Jumapili natoka kanisani na gauni la kwaya naingia maabara, watu wananitania eti nina mtoto nimemficha.

Juzi niliweka dawa mpya upande mmoja wa kitundu, na upande wa pili papai lako. Kama duara lingeumwa upande wa papai peke yake, basi kinachoua si protini, na yule mkaguzi angekuwa ameshinda, nawe hupo wa kujitetea. Asubuhi nilifungua mlango, nikaenda moja kwa moja kwenye sahani.

Limeumwa pande zote mbili, sawasawa.

Nilienda Butiama kumwambia mama yako. Akaniuliza, kwani mlikuwa hamjui kibuyu changu ni kizuri?

Pumzika, dada yangu. Nakuahidi sitawaacha bakteria wako na njaa, na mdomo wangu nitaufunga mpaka papai liseme. Leo nimechukua kifutio, nimefungua daftari lako, nimeifuta ile "bado".

Mdogo wako,
Perusi