Siku Ngapi, Shangazi?

Chumbani kwetu,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya akiba, maana najua ya kwanza imekukuta bado unatafuta miwani. Goti linasemaje? Zile dawa za kuchua unazipaka au zimekaa tu dirishani zikipunga upepo? Usinijibu kwamba hujambo. Nijibu kuhusu goti.

Sisi huku ni wazima wa mikono na miguu. Mkweo anakusalimu sana. Yuko chini ya sinki la jirani tangu asubuhi, naona miguu yake tu kutoka hapa mlangoni. Fundi bomba hana Jumapili, ndivyo anavyosema, ila mimi nadhani anakimbia kuniona nikiandika barua hii.

Zile soksi ndogo za kichanga zimefika. Ni nzuri mno, Shangazi, mpaka nimeogopa kuzishika. Nimesoma na kile kikaratasi, kwamba tufanye haraka kabla macho yako hayajakataa kufuma. Nimeziweka kwenye droo ya chini pamoja na cheti cha ndoa na risiti za friji, na droo hiyo siifungui ovyo.

Sasa kabla hujaendelea, tafadhali funga mlango. Ningekupigia simu, lakini wewe simu unaiweka sauti ya juu kabisa, unaishika mbali na sikio kana kwamba itakung'ata, na nyumba nzima inasikia mpaka mpangaji wa uani. Haya sitaki mpangaji wa uani ayajue.

Ni mwaka wa nne sasa wa ndoa. Kila barua unaniuliza kama kuna habari, na kila barua nakujibu habari za mvua. Mama mkwe yeye ameacha kuuliza kabisa, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Siyo kwamba mwili umenigomea. Siku zangu zinakuja kila baada ya siku ishirini na nane, hazichelewi, haziruki mwezi. Tangu usichana nilikuwa najivunia jambo hilo mbele ya wenzangu. Nikajiambia miaka yote hii kwamba mwanamke anayeona siku zake vizuri hana shida, ni kusubiri tu. Sasa nazichukia. Mwezi wa kwanza mwaka huu zilichelewa nusu siku, nusu siku tu, na tayari nilishachagua ukuta wa kuegemeza kitanda cha mtoto. Saa kumi jioni nikaenda msalani kazini, nikakaa humo mpaka Mzee Flashi, bosi wangu, akagonga mlango kuuliza kama maji yamekatika.

Unaijua kazi yangu pale studio, lakini sijawahi kukuambia hili. Mtoto mchanga akiletwa kupigwa picha ya kadi ya bima, shingo haijakaza, hawezi kukaa. Basi mimi najifunika shuka nyeupe kuanzia kichwani, nakaa kwenye stuli, namshika mtoto mbele yangu kwa mikono iliyofichwa, Mzee Flashi anapiga. Picha ikitoka unamwona mtoto na weupe nyuma yake, mimi sipo. Wiki iliyopita walikuja watano. Yule wa tano alinikojolea, mama yake akaniomba radhi kama mtu aliyevunja sahani za watu. Nikamwambia hamna neno, ni maji tu. Nilibaki chini ya ile shuka kitambo hata baada ya mtoto kuchukuliwa, nalia bila sauti, na Mzee Flashi akajifanya anafuta lenzi. Ana moyo mzuri yule mzee, ila lenzi aliifuta mpaka nikaona aibu.

Basi tukakata shauri, tukaenda kwa daktari. Nilijiandaa kwa vita na mkweo, nikijua wanaume na mambo ya kupimwa, kumbe wala. Aliniambia, "Nyumba haipati maji, unaanza kubomoa ukuta wa jikoni? Si unaangalia kwanza kwenye tangi?" Akaenda kupimwa yeye wa kwanza, akarudi na karatasi ameikunja mfukoni kwenye bisibisi zake. Yuko sawa kabisa. Nilifurahi kama dakika mbili hivi, halafu nikaelewa maana yake.

Daktari ni mwanamke, mdogo kwangu kwa umri. Nikamwambia kwa kujiamini kwamba siku zangu haziniangushi. Akaandika, akasema vizuri, hiyo ni dalili kwamba mayai yanatoka inavyopaswa, lakini haimwambii lolote kuhusu njia yanayopitia. Kisha akanilaza, akapapasa tumbo, akafika kwenye kovu langu la upande wa kulia. Akauliza ni la nini.

Shangazi, nilicheka. Nikaanza kumsimulia hadithi yako, ile unayoitoa kila harusi. Jinsi nilivyokuwa nasingizia tumbo kila ukifika mtihani wa hesabu. Jinsi asubuhi ile ulivyonivalisha sare kwa nguvu na kunisukuma mlangoni, "Nenda nalo hilo tumbo, likafanye mtihani na lenyewe!" Na saa nane mchana mwalimu akakurudishia mtoto amejikunja, jioni ile ile tuko hospitali natolewa kidole tumbo. Watu huvunjika mbavu, na mimi huvunjika nao. Jina la Bi Tumbo si lilitoka hapo?

Daktari hakucheka. Aliniuliza kama kilikuwa kimeshapasuka waliponifungua. Sijui. Akaniuliza niliugua siku ngapi kabla ya upasuaji. Nikafungua mdomo kusema moja, na ile moja ikanikwama.

Alinieleza polepole. Kikipasuka, usaha humwagika tumboni. Mtoto anapona, anakua, siku zake zinakuja vizuri tu, kumbe huko ndani vitu vimegandana na mirija imenasa, na hana habari. Mkweo alikuwa ameshika tama kwenye kona. Akauliza, "Kwa hiyo bomba lipo, ila limebanwa kwa nje?" Daktari akasema inawezekana, ndicho wanachotaka kujua. Tangu hapo mkweo anatembea kimyakimya humu ndani kama kuna mgonjwa amelala.

Kwa kuwa siku zangu hazikosei, wamenipa tarehe kabisa ya kurudi: tarehe 4 mwezi ujao. Kuna kipimo cha kupitisha dawa na kupiga picha, lakini daktari anasema picha ile inaweza kuonyesha ndani ya mirija na isione kilichonasa kwa nje. Kama kweli kilipasuka, anaona afadhali wanilaze usingizi, waingize kamera, na wakikuta pamegandana wajaribu kupaachanisha hapo hapo. Kwa hiyo siulizi ili kuchimba mambo ya kale. Jibu lako lina kazi.

Hospitali ile nimewapigia. Faili za miaka ishirini na mitatu iliyopita hawana tena. Mama alikuwa ndani na mdogo wangu wa siku kumi, ndiyo sababu nikaletwa kwako, kwa hiyo anajua yale tu uliyomwambia. Baba ndiyo kabisa. Umebaki wewe.

Ninachokumbuka ni shuka. Ya njano, niliitapikia. Halafu ile ya maua ya buluu. Halafu yenye kiraka ulichokishona kwa uzi mweusi. Nilikuwa nakifuatisha kile kiraka kwa kidole huku natetemeka kwa baridi, na dirishani kulikuwa na jua. Labda ulizibadilisha zote tatu mchana mmoja, mtoto anayetapika ni kazi. Au ilikuwa kila asubuhi shuka yake? Kwenye hadithi yako hakuna shuka, Shangazi. Mwalimu ananileta, na jioni tuko hospitali.

Wiki mbili hizi naamka nazihesabu, napiga mswaki nazihesabu. Juzi nilimkata mteja masikio kwenye picha ya pasipoti, akakataa kulipa, na alikuwa na haki.

Nisikilize vizuri hapa. Sikuandikii kukulaumu. Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa mwongo wa kupigiwa mfano; ningekuwa wewe na mimi nisingeniamini. Umeniuguza, umenisomesha miaka miwili, na kwenye harusi yangu ulicheza na goti hilo hilo. Nadhani, na unisamehe kama nakosea, kwamba ulizipunguza siku pale pale kwenye korido ya hospitali, Mama alipofika na kichanga mgongoni akakuuliza tangu lini. Hata mimi ningepunguza. Halafu ukazisimulia hivyo watu wakacheka, na baada ya hapo ungezirudishaje?

Naogopa, Shangazi. Naogopa jibu, na naogopa zaidi ukininyima. Naogopa kwamba uongo wa mtihani wa hesabu ndio umenifikisha hapa. Mkweo nimemwambia hivyo, akanikasirikia kwa mara ya kwanza tangu tuoane, akasema mtoto wa miaka minane hawezi kuulizwa jambo la namna hiyo. Mwambie na wewe. Nitaamini zaidi ikitoka kwako.

Nisalimie binamu yangu Kinyozi, mwambie picha za duka lake zimetoka na nitazituma, ila yule mteja aliyesinzia kwenye kiti naye ametokea. Msalimie jirani yako Mama Maua, na hata mpangaji wa uani, asije akasema namchukia. Mungu akuweke, akulainishie hilo goti, na akupe usingizi usiku utakaoisoma barua hii.

Maneno yakikushinda, niandikie namba peke yake. Moja, mbili, tatu, hata nne. Usinipunguzie. Zikiwa nyingi nitalia, kisha nitafunga begi la hospitali nikijua naenda kufanyiwa nini. Na siku ile nitakutaka wewe kando ya kitanda, siyo mwingine. Maana kuna kitu kimoja zaidi nakumbuka. Nilipozinduka baada ya kupasuliwa, mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wako, nikatazama chini, nikaona umevaa kiatu kimoja cha kwako na kingine cha mtu mwingine kabisa. Hicho nacho hujawahi kukisimulia.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kwa idadi yoyote utakayoniandikia,

Bi Tumbo.