Video ya Amaria Uifute Kabla ya Jumapili

Tlemcen,
Jumatano, 18 Septemba 2024

Mpendwa Nesrin,

Hujambo mwanangu? Mzima? Goti la mama yako bado linamsumbua? Sisi tunapumua, ila presha yangu umeipandisha wewe. Naandika karatasi kama watu wa zamani kwa sababu simu umenifungia. Kaka yako Murad anarudi huko Lyon kesho. Nimemwambia akupe hii mkononi na asibanduke mpaka umalize kusoma.

Harusi ya Wasila ilikuwa tamu, sisemi uongo. Nyama ya plamu ulikula sahani mbili, nilikuona. Lakini sisi wanawake tunavua vitambaa na kucheza vile kwa sababu wanaume hawamo na simu zinabaki mlangoni. Bibi wa mlangoni alikuomba simu, ukampa ile mbovu, nzima ukaichomeka kwenye mkanda wa gauni! Mwizi wewe.

Halafu ukaiweka video wazi, kila mwenye macho aone, na katikati yumo Amaria wangu, nywele mpaka kiunoni, nyonga zinakwenda zenyewe. Ukaandika na jina lake kamili! Jina lilelile la kwenye kibao cha ofisi yake ya uwakili, aliyoifungua mwezi wa tano tu.

Sasa wanaume wanamngoja kwenye kibaraza cha mahakama. "Wakili, leo kesi au ngoma?" Mwingine: "Mwacheni, anapasha nyonga!" Mzee mmoja muuza mbao kaja kuchukua faili lake, hata kukaa hakukaa. Eti, "Binti, mimi nilitafuta wakili."

Nilipokwambia uifute ulinijibu nini? "Mama mdogo, watu elfu kumi wameipenda, nyie mnaishi karne gani?" Hiyohiyo yako, bibi! Mbona picha zako za ufukweni umezificha bosi wako asizione? Za kwako unazitia kufuli, zetu unazianika.

Na usinirudishie eti hata mimi niliituma. Niliwatumia akina mama wa mtaa tu, kabla sijamwona Amaria humo ndani. Nimeshawapitia wote, mlango kwa mlango, wameifuta.

Jumapili, mahakama za huku zikifunguliwa baada ya mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi, Amaria anamtetea Bi Khadra, yule mjane ambaye mashemeji wanataka kumtoa kwenye nyumba. Jana alisema haendi, hawezi kusimama mbele ya wale watu. Leo nimemkuta anapiga pasi joho lake huku machozi yanamtoka. Nikamwambia, "Si ulisema huendi?" Akanijibu, "Mama, Bi Khadra ana nani mwingine?"

Basi ifute sasa hivi, Murad akiwa anakuona. Kisha mpigie Amaria, si mimi, umwombe radhi kabla hajaingia kwa hakimu.

Nisalimie dada yangu Fethia na baba yako Redwan. Bibi yako Zubida anakubusu, yeye hajaambiwa kitu, na ole wako ajue. Mungu akupe afya, akupe riziki, na akukinge na ndugu wa aina yako.

Mimi nikupendaye, ila leo kwa hasira,
Mama mdogo wako,
Zulikha