Mama-Mkwe Anasoma Tumbo Langu Ndani ya Mayoneze

Maman Patricie, mshauri wetu mpendwa, naomba msaada kabla Siku ya Mungu, yaani Jumapili, haijafika, juu nimefanya upumbavu. Huu ni mwaka wa pili niko mke wa Gasana hapa Kamembe, tunakaa na mama yake, Maman Mukandori, ambaye zamani alikuwa anapikia masista kule Bukavu, na huko walimufundisha kwamba mwanamuke akiwa katika siku zake, akipiga mayoneze inakatika, mafuta kule, yai kule, basi kila mwezi ananipa yai na chupa ya mafuta, "Binti, tupigie mayoneze ya salade," anasimama mlangoni ananiangalia, na kila mwezi inakatika, hata nikiwa siko katika siku zangu, naye anaenda kuketi inje, mimi nabaki na haya. Mwezi huu nilichoka, alipoenda misa nikamwaga mayoneze ya dukani ndani ya bakuli nikasema nimepiga mwenyewe. Maman, aliionja akalia kwa furaha, eti nina mimba! Sasa anafuma kofia ya mtoto, dada zake batavuka kutoka Bukavu Siku ya Mungu kunipongeza, na tumbo ni tupu. Gasana hajui kitu. Nifanye nini?

Umurerwa, Kamembe

Umurerwa, binti yangu, pole sana. Lakini wewe nawe! Chupa moja ya dukani imeita bamama wadogo mpaka ng'ambo?

Mayoneze haijui siku za mwanamuke. Yai unalitoa baridi kwenye frigo, mafuta unayamwaga mengi mara moja juu mama-mkwe anakuangalia. Hata Gasana akipiga hivyo itakatika. Acha yai likae inje ya frigo mpaka baridi iishe, weka kiini na mutaride, ile haradali, kidogo, mafuta tone kwa tone, ndimu mwisho. Ikikatika, chukua kiini kingine, uimwage humo polepole. Itashikana.

Sasa huo uongo. Leo hii mwambie Gasana. Kesho mketi wote wawili na Maman Mukandori, kabla dada zake hawajavuka. Atakasirika, atalia, mwache alie. Usimuchukie. Aliuliza yai kwa sababu ninyi wawili hamukumwambia kitu.

Kisha muende hospitali, wewe pamoja na Gasana. Miaka miwili wewe ndiye unapimwa kila mwezi, na yeye hakuna muntu amemuuliza hata swali moja.